Ngozi inapauka, inawasha, inapasuka: kutafuta chanzo wakati wa kipupwe Dodoma

Mwezi wa sita ukiingia, wateja wa malaria hupungua katika duka langu la dawa muhimu hapa Nkuhungu, na wa ngozi huanza kupanga foleni. Mtu anaingia kajifunika kitenge, ananyoosha mkono juu ya kaunta, anasema, "Nipe mafuta mazito." Siku hizi huwa sikimbilii kuuza. Nauliza matatu kwanza: panawasha wapi, panawasha saa ngapi, na nyumbani nani mwingine anajikuna? Majibu hayo hunionyesha chanzo haraka kuliko kuitazama ngozi yenyewe, maana baridi ya Dodoma husingiziwa mambo mengi ambayo haikuyafanya.

Yale inayoyafanya kweli ni haya. Tuko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua zetu, milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili, na baada ya hapo mbingu hufunga. Usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14, mchana linarudi 26 au 27. Hewa ya baridi haibebi maji mengi, na jua likiipasha bila kuiongezea maji, hewa hiyo huwa na kiu. Inakunywa popote inapopata: kwenye jinzi uliyoanika asubuhi ikakauka kabla ya adhuhuri, kwenye mchicha wa bustani, na kwenye ngozi yako. Upepo nao unaisaidia kazi.

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016 nimepata wateja wengi watumishi waliozoea jasho la Dar es Salaam. Wanakuja na losheni ya majimaji waliyoipaka miaka yote, wanalalamika kwamba imeacha kufanya kazi. Losheni ni ileile. Kule ilikuwa inabebwa na unyevu wa bahari, huku imeachwa peke yake.

Umepaka asubuhi, saa nne umeshapauka

Pitisha ukucha taratibu kwenye mguu, chini ya goti. Ukibaki mstari mweupe na unga unga, na hakuna vipele wala uvimbe, huo ni ukavu mtupu. Tafuta kinachokukausha, ukianzia na hiki cha kwanza, maana kwa wateja wangu ndicho chenye kosa mara nyingi.

Unapaka ngozi ikiwa kavu. Mafuta ya mgando hayana maji ndani yake hata tone. Kazi yake ni kufunika, na ukifunika sufuria tupu usitegemee kupata mchuzi. Ukitoka kuoga jifute kwa kugusagusa tu na taulo, usisugue, halafu paka ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, ndani ya dakika 3 hivi. Usisubiri uvae, unywe chai, ndipo ukumbuke kopo. Mtu akibadilisha hili peke yake, mafuta yaleyale aliyoyatukana wiki iliyopita yanaanza kumfaa.

Kama tayari unapaka hivyo na bado unapauka, angalia ndoo. Maji yanayotoa moshi ni matamu asubuhi ya Julai, nakubali, na mimi mwenyewe nayapenda. Lakini sufuria iliyopikiwa nyama unajua huwezi kuitakatisha kwa maji baridi: maji ya moto ndiyo yanayoondoa mafuta. Katikati ya seli za tabaka la juu la ngozi kuna mafuta kama lipu kati ya matofali, nayo ndiyo yanayozuia maji ya mwilini yasitoke. Maji ya moto na sabuni yanaikwangua ile lipu. Oga maji ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10, utoke.

Halafu sabuni. Ngozi ina uchachu kidogo, pH yake inacheza kwenye 5. Sabuni ya kawaida iko 9 au 10, na ile ya mche ya kufulia ni kali zaidi kwa mwili. Kipupwe kizima huna sababu ya kujipaka povu kutoka shingoni hadi miguuni mara mbili kwa siku. Sabuni iende makwapani, sehemu za siri na nyayo. Mikono na mapaja maji yanatosha, isipokuwa umeshinda shambani au chini ya gari. Dodoki nalo lipumzike.

Na maji yenyewe. Maji mengi ya mjini hutoka visima virefu vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora, na maji ya visima huku yana chumvichumvi. Tazama ndani ya birika lako: ule ukoko mweupe ni madini. Madini hayohayo hushikana na sabuni, ndiyo maana povu linagoma, nawe unaongeza sabuni, na utando unaobaki kwenye ngozi unazidi kuikausha. Dawa yake ni kupunguza sabuni na kujisuuza vizuri. Kwa mtoto mwenye ngozi ngumu kutibika, chemsha maji yapoe, yaache yatuame, umwagie yale ya juu mwishoni. Kuchemsha hutuliza sehemu ya madini yale chini ya sufuria.

Wapo wanaopaka gliserini tupu. Gliserini huvuta maji, na hiyo ndiyo sifa yake. Ila hewa ikiwa kavu kiasi hiki haipati pa kuyavuta isipokuwa ndani ya ngozi yako mwenyewe. Izimue kwa maji, ipake kwenye ngozi yenye unyevu, na juu yake pitisha mafuta ya mgando kidogo.

Kwa anayeniuliza mafuta ya bei nafuu, namwelekeza kwenye alizeti. Dodoma na Singida ndiyo nyumbani kwake, na ina asidi ya linoleiki ambayo ngozi huitumia kujenga ule ukuta wake. Iwe safi, isiyonuka kuoza, na isiwe iliyokaangiwa samaki jana. Ya mgando hufunika vizuri kuliko zote, lakini ukijipaka nyingi ukapanda bodaboda kwenda Nzuguni utafika una rangi ya ukuta wa udongo. Mchana paka nyembamba, usiku ndiyo ujimwagie.

Kuhusu kunywa maji: kunywa, mwili unayahitaji. Lakini lita tatu hazitaondoa kupauka kwa mtu anayeoga maji ya moto na kupaka mafuta saa moja baadaye.

Mchana afadhali, usiku hulali kwa kujikuna

Hapa ndipo nilipojikwaa mimi mwenyewe, na nilikuwa tayari nauza dawa.

Mwanangu wa pili alianza kujikuna mwezi wa saba, akiwa darasa la kwanza. Ngozi yake ilikuwa kavu kama ya watoto wote wa mtaa, nikasema ni baridi. Nikampaka mafuta asubuhi na jioni, wiki tatu. Akawa anang'aa, na bado analia usiku. Siku moja dada yake, wanayelala kitanda kimoja, alinishika kiganja akaniambia, "Mama, na mimi hapa." Nikaangalia kati ya vidole: vipele vidogo, na kijistari chembamba cha kijivu kama kimechorwa kwa penseli. Upele. Utitiri wenyewe, kijidudu kinacholeta upele, ulikuwa umechimba njia na kukaa humo, nami nimekuwa nikiupaka mafuta.

Ukavu wa kawaida huwasha zaidi kwenye miguu na mikono, na hutulia ukipaka mafuta. Upele hukaa kati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono, kiunoni, matakoni na sehemu za siri. Kwa watoto wachanga hufika hadi kichwani, viganjani na kwenye nyayo. Huwasha zaidi usiku, tena kitandani mwili ukishapata joto. Na nyumbani hauishii kwa mmoja. Kwa nini unavuma wakati wa baridi? Kwa sababu tunabanana watoto wanne chini ya blanketi moja. Uchafu si sababu, msitukanane.

Dawa ipo, BBE (dawa ya majimaji ya benzili benzoati) au krimu ya pemethrini, lakini inashindwa kwa sababu moja karibu kila mara: anapakwa anayejikuna peke yake. Upele ukishaingia kwa mara ya kwanza huchukua wiki 2 hadi 6 kabla muwasho haujaanza, kwa hiyo anayeonekana mzima anaweza kuwa anao. Pakeni nyote siku moja, kuanzia shingoni hadi unyayoni, kwenye mikunjo yote na chini ya kucha, mkafuate maelekezo ya kurudia yaliyoandikwa. Ya watoto huzimuliwa; mwambie muuzaji umri wa mtoto akuelekeze. BBE inachoma kwenye ngozi iliyochanika, ujiandae kwa kelele. Shuka na nguo za siku hizo zifuliwe zianikwe juani, na blanketi lisilofulika lifungwe kwenye mfuko wiki moja. Utitiri hauishi siku nyingi bila mwili wa mtu.

Baada ya hapo muwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 ingawa wadudu wamekufa. Usipake dawa kila siku kwa hofu. Utaiunguza ngozi kisha urudi kwangu na ugonjwa mwingine.

Swali ninaloulizwa sana hapa: je, upele umetoka kwenye sweta la mitumba? Ni vigumu, maana utitiri hauishi siku nyingi bila mwili wa mtu. Sweta la sufi linaweza kukuwasha kwa nyuzi zake, au kwa dawa iliyopuliziwa nguo. Lifue kabla ya kulivaa, uvae fulana ya pamba ndani.

Mtoto ana mabaka magumu kwenye mikunjo

Kwenye mkunjo wa kiwiko, nyuma ya goti, shingoni. Kwa mtoto mchanga, mashavuni. Yanakuja na kuondoka, na kila kipupwe yanarudi mahali palepale. Ukiuliza nyumbani utasikia baba ana pumu, au shangazi anapiga chafya kila vumbi likivuma. Hiyo ni pumu ya ngozi. Maelezo mengi yanasema tafuta wekundu, na kwa ngozi zetu hilo linapotosha: baka linaweza kuwa jeusi zaidi, la kijivu au la zambarau, lenye vijipele vidogo unavyovisikia kwa kidole kabla ya kuviona.

Haiambukizi, na haina dawa ya kuikomesha moja kwa moja. Inatunzwa. Mafuta yasiyo na harufu, mara tatu au zaidi kwa siku, hata siku ambazo hakuna baka. Sabuni kidogo au hakuna. Kucha fupi. Inapolipuka, mganga anaweza kumpa krimu ya haidrokotisoni kwa siku chache. Ikianza kutoa maji na kuganda ukoko wa njano, bakteria wameingia; mpeleke kituoni siku hiyohiyo.

Na niseme hili ingawa linanipunguzia mauzo. Kuna mirija ya krimu iliyochanganya dawa tatu, ya fangasi, ya bakteria na betamethasoni (steroidi kali ya kutuliza uvimbe), ambayo watu huinunua kama pipi na kuipaka kwenye kila doa. Wiki ya kwanza inatuliza kila kitu. Kama doa lilikuwa fangasi, linajificha na kutambaa. Kama lilikuwa pumu ya ngozi, linarudi kwa hasira. Usiipake kwa mtoto, na zaidi usoni, bila mganga kumwona.

Midomo

Ukilamba, mate yanakauka na kuchukua unyevu wa mdomo, na ndani yake mna kemikali za kumeng'enya chakula zinazochubua. Mtoto mwenye duara jeusi kuzunguka mdomo ni mlambaji. Mgando kila anapokumbuka, na kabla ya kulala. Pembe za mdomo zikipasuka na kuwa nyeupe, na mgando hausaidii baada ya wiki mbili, fikiria fangasi, upungufu wa damu au vitamini, au meno ya bandia yasiyokaa sawa.

Magaga

Mzee mmoja mfugaji kutoka upande wa Chamwino alikuja Agosti, siku za Nanenane. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi, akavua katambuga.

"Mwanangu, huu mguu umekataa kukanyaga."

Kisigino kilikuwa na nyufa saba, nilizihesabu. Kingo zake zilikuwa ngumu kama pembe, na mbili zilikuwa na vumbi jekundu lililozama hadi kwenye nyama. Alikuwa ameziba moja kwa nta ya mshumaa aliyoimwagia ikiwa ya moto, na pembeni pana alama ya kuungua.

Kisigino hupasuka kwa sababu ngozi yake nene ikikauka haivutiki, na uzito wa mwili ukikanyaga unaitanua pembeni. Kiatu kisicho na nyuma huiacha itanuke inavyotaka. Kwa hiyo mafuta peke yake juu ya ngozi nene hayafiki popote. Loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu dakika 15. Sugua kwa jiwe, upande mmoja, polepole, upunguze kidogo leo na kidogo keshokutwa; wembe uuache kwenye ndevu. Futa, paka mafuta mazito au krimu yenye yurea, ambayo hulainisha ngozi ngumu, kisha vaa soksi za pamba ulale nazo. Fanya hivyo kila usiku. Wiki ya pili utaona kingo zinalegea. Ufa uliofika kwenye nyama usipakwe yurea kwanza, utaruka dari. Upake mgando, uufunge kwa kitambaa safi.

Nilimuuliza mzee kama huamka usiku kukojoa na kama anasikia kiu sana. Akacheka, "Umeniona wapi?" Sikumuuzia jiwe. Mwenye kisukari anaweza kuwa na miguu isiyosikia maumivu, na ufa mdogo ukawa kidonda cha kukata mguu. Alikwenda kupima sukari kabla ya jambo lingine lolote.

Kagua pia kati ya vidole. Pakiwa peupe, pameloa na pananuka, au unyayo mzima umekuwa na magamba makavu yaliyofuata mistari yake, hizo ni fangasi za miguu, na mafuta hayazitibu.

Uso unachoma hata ukipaka maji

Hili watu hunong'ona. Anasubiri wateja waondoke, kisha anasema baridi ya mwaka huu imemharibu uso. Naangalia vidole: viungo vyeusi, katikati peupe. Ni mkorogo. Ukiwa na steroidi umeifanya ngozi nyembamba, na ukiwa na haidrokwinoni au zebaki, hizo zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini kwa sababu zinazojulikana. Ngozi iliyokondeshwa hivyo haina lipu tena, na upepo wa Julai unaingia kama kwenye nyumba isiyo na madirisha. Anayeacha ghafla baada ya miaka uso unaweza kuvimba na kuwaka kwa wiki kadhaa, kisha anarudia kopo ili apate nafuu. Aache, ndiyo, lakini akiwa na daktari wa ngozi anayemfuatilia.

Kuchoma kwingine usoni ni jua. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na jua letu la Julai bado ni kali hata ukiwa umevaa koti. Ubaridi unaficha tu moto wake. Wenye ualbino wasipumzishe kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu wala krimu ya kukinga jua kwa kuwa "leo hakuna joto". Kilisun, krimu inayotengenezwa kwa ajili yao katika hospitali ya KCMC, Moshi, hupakwa misimu yote.

Bibi ana michoro kama wavu miguuni

Anakaa karibu mno na jiko, kila jioni, miezi mitatu. Joto linachora ngozi hata bila kuiunguza. Msogeze nyuma, mpe soksi ndefu na shuka la kujifunika. Na jiko la mkaa lisilale chumbani mlango ukiwa umefungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Mafuta ya mgando yakishaloanisha nguo hushika moto upesi, hilo nalo mkumbushe.

Si baridi

Muwasho wa mwili mzima usio na kipele hata kimoja, usiotulia kwa mafuta baada ya wiki mbili au tatu, unahitaji vipimo vya damu: figo, ini, sukari, VVU, tezi la shingo. Kwa wazee uliza pia dawa wanazokunywa.

Weusi mkavu unaozunguka shingo kama mkufu, na mwingine juu ya mikono mahali jua linapopiga, pamoja na kuhara, kwa mtu anayekula ugali mtupu siku nenda rudi, hutokana na upungufu wa vitamini, na mafuta hayawezi kuurudisha.

Na doa lililopauka, kavu kuliko ngozi ya jirani, ambalo halitoki jasho wala haliwashi. Hilo la kutokuwasha ndilo linalonishtua. Sokota pamba iwe na ncha, mwambie mwenye doa afumbe macho, umguse juu ya doa na pembeni yake, aonyeshe kwa kidole kila anapoguswa. Akikosa palipo na doa, huo unaweza kuwa ukoma. Dawa zake hutolewa bure, na akianza mapema vidole vyake vinabaki vizima. Hapo huwa siuzi kitu. Naandika jina la kituo cha afya kwenye karatasi ya bahasha ya dawa, na kumwambia aende leo, kabla hawajafunga.